Huyo Mfumo Ndiye Daktari Mpya? Dijitali na Afya Kando ya Ziwa

Ilikuwa kliniki ya Jumanne kwenye zahanati moja ya kisiwani. Nilikuwa nimemsindikiza binamu yangu na mtoto wake wa miezi tisa. Benchi la nje lilikuwa limejaa, upepo unatuletea harufu ya dagaa walioanikwa chini kule mwaloni. Ndani, nesi alikuwa na vitu vitatu: rejesta ya MTUHA iliyokunjamana kona, kishikwambi chenye ufa kwenye kioo, na simu yake mwenyewe ameisimamisha dirishani, mahali pekee ambapo mtandao unashika.

Bibi mmoja aliyetutangulia akachungulia mlangoni. "Mwanangu, nimekaa hapa tangu saa moja."

"Nakuona, bibi. Vumilia kidogo, mfumo umegoma."

Bibi akamtazama nesi, akageuka akatutazama sisi. "Huyo Mfumo ndiye daktari mpya?"

Benchi zima likacheka, na nesi naye akacheka. Lakini swali la bibi ni zuri kuliko mengi niliyoyasikia kwenye semina za Mwanza mjini, zile za mabango na chupa za maji. Tunaambiwa kila siku kwamba teknolojia ya kidijitali inabadilisha tiba. Ukiuliza ni teknolojia ipi, unapewa kapu moja lenye kila kitu: kompyuta ya mapokezi, simu ya dharura, droni, akili mnemba inayosoma eksirei. Hivi ni vitu tofauti, vina kazi tofauti, na kila kimoja kina namna yake ya kuharibika. Tuvitoe kapuni kimoja kimoja.

Mzizi wao ni mmoja: kukigeuza kitu cha mwilini kuwa tarakimu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, ile inayoonekana juu ya kilima karibu kila pembe ya jiji, ilifunguliwa 1971. Mwaka huohuo, tarehe 1 Oktoba, kwenye hospitali ya Atkinson Morley jijini London, mgonjwa wa kwanza duniani alipigwa picha ya ubongo kwa CT scan. Mashine ya Godfrey Hounsfield ilipitisha mionzi kichwani kutoka pande nyingi, ikapima kiasi gani kimepenya, kisha kompyuta ikapiga hesabu na kuchora kipande cha ubongo kwa vitalu 80 kwa 80. Hiyo ni vitalu 6,400 tu. Simu yako inapiga picha ya mamilioni. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza daktari aliweza kuona uvimbe ndani ya fuvu bila kulifungua. Hesabu yenyewe iliwahi kutafutiwa njia mapema zaidi na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alipokuwa akifanya kazi Cape Town, na mwaka 1979 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel. Nalitaja hili kwa sababu kuna dhana kwamba dijitali imeingia hospitalini juzi, pamoja na simu janja. Iliingia zamani, kupitia chumba cha eksirei na maabara. Kilichobadilika karibuni ni kwamba tarakimu hizo sasa zinasafiri, na zimeanza kutoa maoni.

Turudi kwa Mfumo wa bibi. Aliyegoma siku ile ni mwandishi tu, wala hatibu mtu. MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, kwa miaka mingi ulikuwa vitabu: cha wagonjwa wa nje, cha wajawazito, cha watoto, cha dawa. Mwisho wa mwezi mtu anakaa anahesabu vijiti, anajaza fomu ya muhtasari, fomu inapanda mtumbwi kwenda wilayani. Siku hizi muhtasari huo unaingizwa kwenye DHIS2, programu huria ambayo mtangulizi wake alizaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990, na yenyewe ikalelewa na Chuo Kikuu cha Oslo. Mganga mkuu wa wilaya anaweza kuona akiwa ofisini kwamba zahanati fulani imeandikisha malaria mara mbili ya mwezi uliopita. Na kwa magonjwa ya kutolewa taarifa haraka, kama kipindupindu, hata simu ya kitochi inatosha: mhudumu anabonyeza menyu ya namba fupi, kama anavyotuma pesa, na taarifa inafika juu siku hiyohiyo bila bando.

Hapo faida ni ya wazi. Shida ni kwamba mifumo iko mingi. Hospitali na vituo vingi vya serikali vinatumia GoTHOMIS kwa mgonjwa mmoja mmoja, tangu mapokezi hadi dirisha la dawa. Wateja wa CTC, kliniki za tiba ya VVU, wana kanzidata yao. Chanjo zina rejesta yake ya kielektroniki, bima ina mlango wake, dawa zinaagizwa kwa njia nyingine. Kila mfumo uliletwa na mtu mwenye sababu nzuri na fedha za miaka kadhaa, na wote wanakutana kwenye vidole vya nesi mmoja. Kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia aache kitabu, anaandika kitabuni kwanza, kisha anachapa. Kazi moja mara mbili, huku benchi nje likizidi kujaa.

Kuna tatizo jingine linaloonekana dogo mpaka likukute: majina. Jina la jiji letu wenyewe ni Ng'wanza, Waswahili na Wazungu wakalilainisha. Sasa mchukue mama anayeitwa Ng'washi. Karani mmoja anaandika Ng'washi, mwingine Ngwashi, wa tatu aliyetoka mkoa mwingine anaandika Mwashi kwa sababu ndivyo alivyosikia. Kwenye kitabu haina shida, nesi anamjua kwa sura. Kwenye kompyuta hao ni wanawake watatu wasiojuana. Umri wanakadiria, tarehe ya kuzaliwa ni 1 Januari, namba ya simu ni ya mtoto wake aliyebadilisha laini. Namba moja ya kudumu ya mgonjwa ndiyo dawa, na bila hiyo mazungumzo yote ya "historia ya mgonjwa kwa kubofya tu" yanabaki hewani.

Kwa upande wangu, mageuzi makubwa zaidi ya kidijitali huku ziwani hayana kioo kinachong'aa. Ni simu. Na ni lazima nieleze taratibu, maana watu wengi wanaijua namba bila kujua kinachotokea nyuma yake.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama mjamzito hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: nyumbani kabla ya kuamua kwenda hospitali, njiani, na tena akishafika kabla ya kuhudumiwa. Kwetu ule wa pili una sura ya maji. Ukerewe peke yake ina visiwa 38, ingawa si vyote vyenye wakazi wa kudumu. Kuna Kome, kuna Maisome, kuna Ukara. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Saa mbili huku kwetu ni muda wa kumtafuta mwenye injini, kumtafuta mwenye petroli, kisha kubishana nani atalipa.

Mfumo wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga zikiwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo, unashughulika na ubishani huo. Ndugu au mkunga anapiga 115, bure. Anayepokea ni mhudumu wa afya aliye zamu usiku na mchana, mbele yake kompyuta inayomwongoza maswali: mimba ya miezi mingapi, damu inatoka, degedege lipo, mtoto ametoka? Majibu yanaonyesha hatari ni ya kiwango gani na kituo kipi kina uwezo wa kuipokea, ili mama asizungushwe vituo vitatu. Kama gari la wagonjwa halipo karibu, na mara nyingi halipo, anapigiwa dereva wa kijijini aliyeandikishwa na kufundishwa mapema, mwenye gari lake. Penye maji ni mwenye boti. Nauli imekwisha kupangwa kwa umbali wa safari. Mama akifikishwa na kituo kikathibitisha, dereva anaona ujumbe wa pesa kwenye simu yake.

Angalia ujanja ulipo. Programu yenyewe si ngumu, kijana yeyote mzuri wa kompyuta wa Nyegezi angeiandika. Ugumu ulikuwa kumfanya mwenye Noah aamke saa nane usiku akiwa na uhakika kwamba atalipwa, na huo uhakika uliletwa na pesa za simu ambazo watu walikuwa wameshaziamini kwa kununulia samaki na mbolea. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua upanuzi wake kitaifa. Tafiti za kitaifa zinaonyesha vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022, na utasikia watu wakiipa simu sifa yote. Wasikupoteze. Tafiti hizo zilifanyika kabla upanuzi haujaenea, na katikati hapo vilijengwa vituo vya afya vyenye chumba cha upasuaji. Ambulensi ikienda haraka mahali pasipo na damu wala daktari wa kupasua, imewahisha msiba tu.

Nikiwa hapo: watu wa Sengerema na Geita walisubiri kivuko cha Kigongo miaka na miaka, wagonjwa wakiwa ndani ya magari. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Kilomita tatu za zege. Hakuna aplikesheni niliyoiona ikishindana na hilo.

Droni nazo zilitupendeza, siwezi kukataa. Mwaka 2018 anga la Mwanza lilikuwa kama maonyesho. Mradi mmoja wa Wajerumani, DHL, Wingcopter na shirika la GIZ, ulirusha dawa kutoka bara hadi Ukerewe: kilomita 60 juu ya maji kwa wastani wa dakika 40, wakati safari ya gari kuzunguka ni kama kilomita 240 na saa sita. Ilibeba hadi kilo nne, ikapaa wima kama helikopta kisha ikalala kama ndege, na kurudi iliweza kubeba sampuli za damu. Oktoba mwaka huo pakafanyika mashindano ya Lake Victoria Challenge. Kisha majaribio yakaisha, wageni wakapanga masanduku yao. Uganda, jirani zetu wa ziwa hilihili, walifika mahali mwaka 2012 serikali ikasimamisha miradi mipya ya majaribio ya afya kwa simu, kwa sababu ilikuwa mingi, haizungumzi yenyewe kwa yenyewe, na inaisha pamoja na fedha za mfadhili. Droni ni nzuri kwa chupa ya damu na dawa ya sumu ya nyoka. Kwa katoni za panadol, mtumbwi unashinda.

Sasa akili mnemba, ambayo ndiyo watu wanaiogopa au kuiabudu. Mfano bora nilionao ni kifua kikuu, kwa sababu huko imeshatoka kwenye hotuba ikaingia kazini.

Kwa zaidi ya karne TB ilitafutwa kwa hadubini, mtu ameinama juu ya makohozi. (Kule Morogoro wapo panya buku wa shirika la APOPO wanaonusa makohozi hayohayo na kukamata yaliyopitwa na hadubini. Si dijitali, lakini nisingejisamehe kuwaruka.) Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliidhinisha GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya kimelea na kutoa jibu kama saa mbili baadaye, pamoja na kusema kama rifampicin, moja ya dawa kuu za TB, itafanya kazi. Tatizo ni bei: kila kipimo kinakula kikasha chake cha takriban dola 8. Huwezi kupima kila anayekohoa. Machi 2021 shirika hilohilo likaruhusu programu ya kompyuta isome picha za kifua za watu wa miaka 15 na kuendelea ili kuchuja nani aende mbele.

Programu hiyo haina elimu ya mapafu. Imeonyeshwa picha nyingi mno, kila moja ikiwa na jibu lake, mpaka ikajifunza ni vivuli vya namna gani huambatana na TB. Ukiipa picha mpya inarudisha namba, tuseme 62 kati ya 100. Namba hiyo si jibu. Mtu lazima aweke kizingiti: kuanzia ngapi tumpeleke mgonjwa kutoa makohozi?

Tupige hesabu kwenye kambi ya uvuvi ya kubuni yenye watu 1,000, tuchukulie 10 kati yao wana TB. Kipimo cha kuchuja kinachokidhi kiwango cha chini cha WHO kinakamata wagonjwa 9 kati ya 10, na kinawaachia wazima 7 kati ya 10. Basi wagonjwa 9 wanakamatwa, mmoja anapita. Wazima 990, asilimia 30 wanashikwa kimakosa: 297. Jumla watu 306 wanaambiwa mashine imeona kitu, na kati yao ni 9 tu wanaoumwa. Mmoja kwa kila 34.

Ukiisoma vibaya utasema mashine ni ya uongo. Ukiisoma kwa jicho la mhasibu, umetumia vikasha 306 vya dola kama 2,450 badala ya 1,000 vya dola 8,000, na umepata wagonjwa 9. Pandisha kizingiti, unapunguza gharama na kuongeza watakaopita. Shusha, kinyume chake. Uamuzi huo wanaufanya watu, kwa kutazama bajeti, na ningependa tujue ni watu gani. Maana kizingiti kilichowekwa kwa mapafu ya mahali pengine hakilingani na ya kwetu: aliyewahi kuugua TB akapona ana makovu, na mchimbaji mdogo wa Geita aliyevuta vumbi la mawe miaka kumi ana vivuli vyake. Mashine inaweza kumshika mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana kizingiti hupimwa upya mahali inapotumika, na ndiyo maana jibu la eksirei peke yake halitoshi kumwanzishia mtu dawa za miezi sita.

Suala la kifaa kupimiwa kwa nani si la akili mnemba peke yake. Kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni hufanya kazi kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba upungufu mkubwa wa oksijeni ulipitwa na kifaa hicho karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Kimeuzwa miaka mingi. Kikisoma 92 kwa mtoto anayehema mbavu zikiingia ndani, mwamini mtoto.

Au chukua hadubini ya simu. Mwaka 2013 watafiti walichapisha walichokifanya Pemba: lenzi ndogo ya dola 8 imebandikwa kwa utepe wa gundi kwenye kamera ya iPhone, tochi chini, wakatafuta mayai ya minyoo kwenye choo cha watoto wa shule. Mayai ya askaris, minyoo mikubwa ya tumboni, waliyakamata kwa takriban asilimia 81. Ya safura, asilimia 14. Kichwa cha habari kingeandikwa "simu yageuka maabara" na kisingekuwa uongo, wala kisingekuwa kweli. Kwetu, ambako kichocho kinaanzia pale watoto wanapooga na mama zao wanapofua, ningeuliza swali hilohilo la kuchosha: inakamata wangapi, inapitwa na wangapi?

Telemedisini tuliyonayo kwa wingi, tusidanganyane, ni WhatsApp. Tabibu wa kijijini anapiga picha ya eksirei dhidi ya dirisha, anaituma kwenye kundi, daktari aliyesoma naye anajibu akiwa kwenye daladala. Inaokoa watu. Pia inaacha mapafu ya mtu, na wakati mwingine jina lake, kwenye simu thelathini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti. Lakini sheria haijui kwamba nyumba nyingi zina simu moja. Dada mmoja ninayemfahamu alikumbushwa tarehe yake ya dawa kwa ujumbe mfupi wenye nia njema. Aliyeusoma ni shemeji.

Siku ile kisiwani upepo uliongezeka na mtumbwi wa kurudi ukaahirishwa. Bibi alikuwa ameshahudumiwa tangu mchana, kwa karatasi. Jioni nilimkuta nesi juu ya jiwe nyuma ya zahanati, kishikwambi magotini, akisubiri taarifa za kutwa nzima ziondoke. Namba ilikuwa inapungua kidogo kidogo: 19, 18, ikakwama, 17.

"Kuna mtu wangu humu yuko mara mbili," akasema. Hakunionyesha jina, wala sikuuliza. "Mmoja ana presha na dawa anachukua. Mwingine mzima kabisa."

"Utawaunganishaje?"

"Humu? Mpaka wilayani." Akaipakata rejesta, akaifungua ukurasa wa siku ile, akatoa peni nyekundu kwenye nywele zake na kuandika pembeni: *ni mtu mmoja*.